Miaka 100 ya Reli ya Arusha: Injini ya Moshi Itatoka Wapi?

Mtu asimamaye Momela asubuhi isiyo na mawingu huiona milima miwili kwa wakati mmoja, Meru upande wa magharibi na Kilimanjaro upande wa mashariki. Milima yote miwili iliwahi kuandikwa majina yake ubavuni mwa injini za moshi. Shirika la Reli na Bandari la Afrika ya Mashariki lilipopokea injini zake kubwa za aina ya 59 kutoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, katika miaka ya 1955 na 1956, liliziita kwa majina ya milima ya nchi zetu. Zilikuwa injini 34. Namba 5903 iliitwa Mlima Meru na namba 5928 Mlima Kilimanjaro. Monduli, Longido, Kitumbeine, Gelai, Lengai, Oldeani na Loolmalasin nayo ikapata injini zake, kiasi kwamba karibu robo ya injini zile zilibeba majina ya milima ya mkoa huu wetu wa Arusha.

Lakini injini iliyoitwa Meru haikupata kuuona Meru. Injini za aina ile zilikuwa na uzito wa tani 252, kila ekseli ikibeba tani 21, na reli nyepesi ya kutoka Tanga isingeweza kuuhimili mzigo huo. Zikafanya kazi katika njia ya Mombasa na Nairobi, na zilizosalia leo ni mbili tu, zote zikiwa Nairobi: 5918 iliyoitwa Gelai na 5930 iliyoitwa Shengena, mlima wa Upare. Milima ni yetu na vyuma viko kwa jirani. Hatumlaumu jirani hata kidogo. Tunamshukuru kwa kuwa alitunza kile ambacho sisi hatukukitunza.

Tunayasema haya kwa sababu mwaka 2029 reli itakuwa imetimiza miaka 100 tangu ifike Arusha. Reli hiyo ilianzwa kujengwa Tanga na Wajerumani mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Ilikaa Moshi kwa muda mrefu, vita vikapita, bendera ikabadilika, na ni mwaka 1929 tu ndipo kipande cha Moshi hadi Arusha kilipokamilika. Miaka 100 ya mji kuwa na stesheni si jambo dogo, na tayari yapo mazungumzo hapa na pale kwamba sherehe ya namna hiyo ingependeza kama ingepambwa na garimoshi la zamani, likitoa mvuke wake na kupiga king'ora kama walivyozoea kulisikia wazee wetu. Rai hiyo tunaiunga mkono. Tunaiunga mkono kwa masharti, na masharti hayo ndiyo hasa tunayotaka kuyaeleza kwa Serikali, kwa Shirika la Reli, na kwa wasomaji wetu wa Visiwani, ambao jambo hili linawahusu zaidi ya wanavyodhani.

Wengine watauliza kama mambo haya yanafanyika popote. Yanafanyika. Mji wa London ulifungua reli yake ya chini ya ardhi tarehe 10 Januari 1863, kutoka Paddington hadi Farringdon, ikiwa ya kwanza ya namna yake duniani. Wakati ule hapakuwa na umeme wa kuvutia mabehewa, kwa hiyo injini za moshi zilipita mahandakini na abiria wakikohoa. Umeme uliingia katika njia ile mwaka 1905. Januari 2013, reli hiyo ilipotimiza miaka 150, wenyeji walirudisha injini ya moshi katika mahandaki yale yale. Injini waliyoitumia ilitengenezwa mwaka 1898, na behewa mojawapo lilikuwa la mwaka 1892. Hapo pana jambo la kuzingatia. Hawakutengeneza kitu kipya cha kuigiza ukale. Walikuwa na injini yenyewe na behewa lenyewe, kwa kuwa yupo aliyekataa visiuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Matengenezo yalichukua muda na fedha nyingi, tena sehemu ya fedha hizo ilichangwa na wananchi.

Sasa tuwageukie ndugu zetu wa Visiwani. Reli ya kwanza ya Afrika ya Mashariki haikuwa ya Mombasa wala ya Tanga. Ilikuwa ya Unguja. Sayyid Barghash bin Said alijenga njia ya kutoka mjini hadi kwenye jumba lake la Chukwani. Kwanza mabehewa yalivutwa na nyumbu, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 ikaagizwa injini ndogo ya mvuke kutoka Uingereza. Alipofariki mwaka 1888 njia ile nayo ikafa. Ya pili ni ile inayokumbukwa zaidi, reli ya Bububu. Kampuni ya Kimarekani iliijenga katika miaka ya 1904 na 1905, maili saba kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, ikipita katika vichochoro vya mji kwa namna ambayo aliyekaa barazani hakuwa na budi kukunja miguu. Hiyo ilikuwa reli ya mjini kwa maana kamili, ikibeba watu wa sokoni na watu wa mashamba kila siku. Serikali iliinunua mwaka 1911. Barabara na magari yakaishinda, na kabla ya miaka ya 1930 habari yake ilikuwa imekwisha.

Wapo wanaoamini kwamba jina la Bububu lilitokana na mngurumo wa garimoshi lile. Hadithi hiyo ni tamu, ila si kweli: Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alilitaja shamba lake la Bububu katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1886, karibu miaka 20 kabla ya garimoshi kufika huko. Tunaitaja hadithi hiyo kwa sababu inaonyesha jambo. Vitu vyenyewe vinapotoweka, watu hubaki na hadithi, na hadithi huzidi kunoga kadiri mashahidi wanavyopungua. Mwaka 2005 reli ya Bububu ingeweza kusherehekewa kwa kutimiza miaka 100. Kwa injini ipi? Kwa behewa lipi? Hata mtu angekuwa na fedha mkononi, hapakuwa na kitu cha kukitia mafuta kikatembea.

Huku bara bado tuna nafasi, lakini nafasi hiyo inapungua. Injini za moshi zilipoachwa na dizeli ikashika hatamu, katika miaka ya 1970 na 1980, nyingi zilisukumwa pembeni mwa karakana na kuachwa kwenye mvua. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na pamoja nayo likavunjika Shirika la Reli la Afrika ya Mashariki. Makumbusho ya reli yaliyofunguliwa Nairobi mwaka 1971 yalibaki Nairobi, ingawa yalianzishwa wakati reli ikiwa mali ya nchi zote tatu. Sisi tulibaki na njia, stesheni, na deni la kuviendesha. Kati ya vyombo vilivyosalia Nairobi imo injini namba 3020, iliyotengenezwa Glasgow katikati ya miaka ya 1950 na kupewa jina la Nyaturu, kabila la ndugu zetu wa Singida. Aina yake iliwekewa tangi kubwa la maji kwa ajili ya safari ndefu katika nchi kavu kama ile ya Reli yetu ya Kati. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilifufuliwa, ikavuta abiria wa matembezi nchini Kenya, pamoja na ile 5918.

Rai yetu ya kwanza basi ni kwamba Serikali ifungue mazungumzo na Kenya sasa, wala isingoje mwaka wenyewe. Nchi zetu zimo tena katika Jumuiya moja, na upana wa reli ya zamani ni ule ule wa mita moja. Asiombwe mtu Gelai. Uzito wake tumekwisha kuutaja. Aombwe Nyaturu, au nyingine yoyote nyepesi ambayo mafundi wataridhika nayo. Na kabla hatujaomba cha mwenzetu, Shirika letu la Reli lihesabu chake lenyewe: ni boila ngapi, magurudumu mangapi, mabehewa mangapi ya mbao yamelala katika karakana na stesheni zetu, na hesabu hiyo ikiisha isiuzwe hata parafujo moja mpaka wataalamu wa mambo ya kale wameiona.

Injini ya moshi si gari la kuwasha kwa ufunguo. Huwashwa saa nyingi kabla ya safari, chuma kipate joto polepole kisipasuke. Boila yake lazima ikaguliwe na kushinikizwa kwa maji kabla ya kuruhusiwa kubeba mvuke, maana boila mbovu ni bomu. Maji nayo yana tabia zake. Maji ya magadi, kama ya maziwa yetu ya Momela, hutoa povu ndani ya boila na kuusukuma unyevu hadi kwenye silinda, kwa hiyo maji ya eneo hili yatahitaji kupimwa na kusafishwa. Mambo haya wazee waliokuwa madereva na wachochea moto wanayajua kwa masikio, kwa kusikia tu injini inavyopumua. Wengi wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Waliobaki ni wachache na ni wazee sana, na hapana chuo kitakachotoa mwingine wa kushika nafasi zao. Kama lipo jambo moja katika tahariri hii lisiloweza kungoja bajeti, ni kuwafuata wazee hao, kurekodi wanayoyajua, na kuwapa vijana wa karakana wakae nao.

Zipo sauti zitakazosema kwamba kusherehekea reli ya mkoloni ni kumsherehekea mkoloni. Hoja hiyo tunaiheshimu. Reli haikujengwa kwa ajili yetu. Ilijengwa ili katani na kahawa vifike bandarini. Injini za aina ya 60 ziliitwa kwa majina ya magavana, na baada ya uhuru vibao vile viling'olewa, tena ilikuwa haki ving'olewe. Lakini waliotandika mataruma, waliochochea moto na waliobeba magunia walikuwa watu wetu. Mgomo wa mwaka 1947 ulianza kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ukasambaa kufuata njia ya reli, na mgomo mrefu wa wafanyakazi wa reli wa mwaka 1960 ulitokea Tanganyika ikiwa karibu kabisa na uhuru. Ikiwa sherehe ya 2029 itakuwa ya kofia za kizungu na picha za watalii wakinywa chai, basi heri isifanyike. Ikiwa itataja waliojenga na waliogoma, na mtoto wa shule wa Usa River akaweza kupanda kwa nauli ambayo mzazi wake anaimudu, tutakuwa wa kwanza kuitangaza.

Sharti letu kubwa zaidi ni hili: garimoshi la sherehe lisije likachukua nafasi wala fedha ya treni ya kila siku. Mji huu ulikaa takriban miaka 30 bila treni ya abiria, stesheni ikiota majani, na ni Oktoba 2020 tu ndipo mabehewa ya abiria kutoka Dar es Salaam yalipofika tena Arusha. Wananchi waliojaa stesheni siku ile hawakufuata historia. Walifuata nauli nafuu na mahali pa kuweka mizigo yao. Tangu mwaka 2024 wenzetu wa Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma wanapanda treni ya umeme, na hilo ni la fahari kwa taifa zima. Lakini fahari hiyo isitufanye tuisahau reli ya mita moja ya Tanga na Arusha ambayo bado inahitaji mataruma, madaraja imara na ratiba ya kuaminika. Itakuwa ni mzaha kumwalika mwananchi aje kuangalia injini ya mwaka 1955 katika stesheni ambayo treni yake ya wiki hii imechelewa.

Kwa ndugu zetu wa Visiwani tunalo ombi dogo. Makumbusho na idara ya nyaraka huko Unguja zina jukumu la kukusanya picha, tiketi, ramani na vipande vyovyote vya reli ya Bububu vilivyobaki mikononi mwa familia. Garimoshi halitarudi Malindi. Lakini katika sherehe za Arusha patakuwa na nafasi ya chumba kimoja cha maonyesho stesheni, na tungependa chumba hicho kianze na Chukwani na Bububu kabla ya kufika Tanga na Moshi, kama mfuatano wa miaka unavyotaka.

Wahusika wanao muda wa mpaka mwaka 2029. Boila peke yake inaweza kuula wote.