Jaketi la Boti si Mto wa Kukalia

Wenzangu wengi huitumia nafasi hii kusifu mashairi au kulaumu chakula cha mchana. Mimi nimekuja kulalamikia jinsi tunavyovuka ziwa nyakati za baridi, na walimu wangu wanisamehe nikichanganya lugha ya darasani na ile ya gatini.

Yeyote aliyewahi kupanda boti pale Mbita asubuhi na mapema, Juni mpaka Agosti, anaijua hali yenyewe. Wingu limetanda, upepo unakata masikio, na mbao za kukalia zimelowa chepechepe. Abiria anafanya nini? Anachukua jaketi la kuokolea maisha, analikunja mara mbili, analikalia! Wakubwa kwa wadogo, tena bila haya. Ukimwuliza mbona halivai atakujibu, "Wee kijana, na baridi hii nilivue koti?" Nasi wanafunzi tuna visingizio vyetu: eti linanuka omena, eti litakunja shati lililopigwa pasi jana usiku.

Ama kwa hakika hoja hiyo imesimama kichwa chini miguu juu. Ndani ya jaketi lile mna sponji nene isiyonywa maji, iliyojaa hewa. Ndiyo maana linaelea, na ndiyo maana linatia joto. Linaziba upepo kifuani na mgongoni, mahali ambapo mwili huhitaji joto zaidi. Vaa sweta, juu yake koti jepesi la mvua, kisha jaketi juu ya vyote, ufunge mikanda yote. Koti lako likiwa nene mno kuvaliwa chini ya jaketi, basi lifunike magoti. Hakuna nguo nyingine ndani ya boti inayoweza kufanya kazi hizo mbili pamoja, na sisi tumeifanya mto!

Kuna wanaosema baridi ya huku si baridi, kwamba hayo ni mambo ya Wazungu na barafu yao. Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo. Ukitumbukiza mkono ziwani alfajiri utaona maji ni vuguvugu kuliko hewa yenyewe, ukadhani ukianguka humo utakuwa umeingia bafuni. Huo ni udanganyifu. Mwili wa binadamu una joto la nyuzi 37 hivi, na maji ya ziwa letu ni kama nyuzi 25. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya karibu mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35, taabu imeanza: vidole vinakuwa vya mbao, ulimi unakuwa mzito, akili inapotea njia.

Kule Atlantiki, meli ya Titanic ilipozama Aprili 1912, wengi waliokuwa majini walikuwa wamevaa majaketi na bado waliuawa na baridi, maana maji yalikuwa ya kugandisha. Ziwa letu lina huruma kuliko hivyo. Hapa baridi hukuchukua saa nyingi, si dakika chache, kwa hiyo aliyevaa jaketi ana muda wa kukunja magoti kifuani, kukumbatiana na wenzake, kushikilia boti iliyopinduka na kungoja. Asiyevaa hana muda huo. Atapiga mbizi na kupiga mikono mpaka nguvu zimwishe. Na yule aliyelikalia asidhani atalivaa mambo yakiharibika. Vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kufunga hata kifungo cha shati, sembuse mikanda mitatu katikati ya mawimbi.

Haya sikuyasoma tu kitabuni. Agosti mwaka jana mimi na mdogo wangu, aliyekuwa gredi ya tano, tulikuwa tukitoka kwa nyanya yetu kisiwani Mfangano. Mvua ilitukuta katikati ya safari, kisha injini ikazima. Tulielea karibu saa nzima, mawimbi yakiturushia maji. Watu walisongamana upande usiorushiwa maji mpaka boti ikalala ubavu, na nahodha akawafokea warudi mahali pao. (Nilikumbuka habari za feri ya Mtongwe, Aprili 1994, iliyojazwa watu kupita kiasi ikapinduka, wakafa 272.) Mdogo wangu alikuwa amevaa fulana ya pamba, imelowa imemgandamana. Alitetemeka meno yakigongana, halafu akaacha. Akaniambia kwa sauti ya mlevi kwamba anasikia usingizi. Mimi, mjinga, nikafurahi. Nilidhani amezoea baridi.

Mama mmoja mchuuzi wa samaki alimtazama usoni akaruka. "Huyo mtoto halali, anaondoka! Mvueni hiyo fulana!" Alifungua ndoo yake yenye mfuniko, akatoa leso mbili kavu, akamviringisha. Kisha akamwambia mzee mmoja, "Baba, samahani, inuka kidogo," akalichomoa jaketi alilokuwa amelikalia, akamvika mtoto, akampakata. Mtoto alipoanza tena kutetemeka, yule mama akasema, "Sasa yuko." Boti nyingine ilipokuja kutuvuta, ndugu yangu alikuwa akililia chai. Sijui jina la yule mama hadi leo.

Tangu siku hiyo nami nina ndoo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, na hata hivyo ilikuwa ikipasuka. Ndoo ya rangi iliyooshwa vizuri hailowi ndani, na ikibidi inaelea. Natia leso, sweta ya sufu na chupa ya chai ya moto yenye sukari nyingi. Pombe wanayokunywa baadhi ya watu gatini eti kupasha mwili ni uongo mtupu: huleta damu kwenye ngozi, ukahisi joto, kumbe ndilo linakutoka.

Sasa nije kwa kilichonifanya nishike kalamu. Nasikia safari ya chama chetu muhula wa pili itakuwa ya Mfangano, kutazama michoro ya kale ya mapangoni kule Kwitone na Mawanga. Ni safari nzuri na nitakwenda. Lakini itakuwa Julai, tutaondoka asubuhi na mapema, na tutakuwa zaidi ya thelathini. Namwomba mwalimu mlezi asikubali boti ing'oe nanga kabla hajahesabu majaketi yaliyo vifuani, si yaliyo chini ya makalio, na kama hayatoshi tugawanyike tuvuke kwa zamu mbili. Atakayesema linanuka aje akae karibu nami. Nitakuwa nimevaa langu, na nitakuwa nanuka omena kama yeye.