Sindano ya Ganzi na Mama Anayejifungua

Ikitajwa Loliondo, wengi wa mjini hukumbuka kikombe cha Babu wa Samunge, mwaka 2011, na magari yaliyojipanga porini. Leo sizungumzii kikombe. Katika tarafa ya Loliondo ipo Hospitali ya Wasso, iliyoanzishwa miaka ya 1960 na Padre Herbert Watschinger, daktari kutoka Austria. Huko ndiko hupelekwa mama wa Kimasai uchungu unapomshinda mkunga wa jadi wa bomani.

Wengi huenda kwa hofu. Inajulikana sana wilayani Ngorongoro kwamba wajawazito wa Kimasai hupunguza chakula miezi ya mwisho ili mtoto awe mdogo, apite bila kukwama wala mama kupasuliwa. Tusiwacheke. Hapa mjini pia wapo wanaoapa kuwa sindano ya mgongo hupoozesha miguu, na kwamba ganzi humlevya mtoto tumboni.

Basi tuipime dawa yenyewe. Lignokeini, iliyotengenezwa kwanza Sweden mwaka 1943, huzuia mishipa ya fahamu isipeleke habari ya maumivu. Mama anayeongezewa njia, au anayeshonwa alipochanika, hudungwa pale pale panapohusika, naye akili zake timamu. Si nusukaputi. Ikitumika kwa kipimo, kinachomfikia mtoto ni kidogo sana.

Hatari ipo, nayo imo katika kipimo na mkono. Mama wa kilo 50 hapaswi kupewa zaidi ya miligramu 200. Kwa dawa ya asilimia 0.5, hizo ni mililita 40. Kwa ya asilimia 2, ni mililita 10 tu. Mkunga aliyechoka usiku wa manane, akivuta mililita 40 katika chupa isiyozimuliwa, amempa mama mara nne ya kiwango! Tena kabla ya kusukuma dawa sharti avute bomba nyuma. Damu ikionekana asidunge, kwani dawa ikiingia moja kwa moja katika mshipa wa damu huweza kuleta degedege, hata kifo. Vidole vyake viwili navyo vikinge kichwa cha mtoto, sindano isimguse. Mama akihisi midomo na ulimi kufa ganzi, ladha ya chuma kinywani au masikio kuvuma, aseme upesi. Huko si kudeka.

Dawa ikishaingia hungojewa dakika 2, kisha nyama hujaribiwa kwa kibanio. Mama akisikia maumivu, hungojewa tena. Wanaokata papo hapo na kumkemea mama ajikaze ndio walioiharibia dawa hii jina, kwa maoni yangu. Na kuongezewa njia kwenyewe si kwa kila mzazi: Shirika la Afya Duniani lilisema hivyo waziwazi mwaka 2018.

Ganzi ya mgongo, itumikayo sana kwa operesheni ya uzazi, hutumia dawa nyingine, bupivakeini. Kosa lake kubwa ni kushusha shinikizo la damu. Kwa hiyo dripu huwekwa tayari, shinikizo hupimwa kila baada ya dakika chache, na mama hulazwa ameinamia kidogo upande wa kushoto ili mimba isiikandamize mishipa mikubwa. Wengine huumwa kichwa siku kadhaa. Miguu hurudi baada ya saa chache. Kupooza moja kwa moja ni nadra mno. Kwa hospitali iliyo mbali na mji ganzi hii ina faida kubwa: mama hupumua mwenyewe, ilhali nusukaputi hudai mpira kooni na mtaalamu wa kuuweka.

Mama aliyewahi kudhurika na ganzi, hata kwa daktari wa meno, amwambie muuguzi siku ya kliniki, iandikwe kwenye kadi. Na baba anayengoja nje aijue habari hiyo, maana uchungu ukikolea yeye ndiye atakayeulizwa.