Mwanafunzi akianguka darasani, nani anambeba?

Wazazi wa Bukama, Kabongo na Malemba-Nkulu wanatuma watoto kusoma Kamina. Kati yao wako watoto wa familia zilizokimbia vita, ambao hapa mjini hawana mjomba wala shangazi. Siku mmoja wao akianguka, ndugu zake ni wale wanaokaa naye kwenye benchi moja.

Na mara nyingi ndugu hao wanakimbia. Kijana akishikwa na kifafa, mtu anapiga kelele kwamba povu la mdomo linaambukiza, na darasa zima linatoka mbio. Povu hilo ni mate tu. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, wala kwa kumgusa mgonjwa. Wengine wanabaki, lakini wanamwingizia kijiko mdomoni, na kijiko kinamvunja meno au kumziba pumzi. Kinachotakiwa ni kidogo: sogeza benchi na vitu vigumu, weka nguo chini ya kichwa, mlaze kwa ubavu, angalia saa. Dakika 5 zikipita bado anatikisika, ni hospitali, bila kungoja somo liishe.

Hapo inaanza shida ya pili: pesa. Wanafunzi wanaogopa kwamba aliyempeleka mgonjwa ndiye atadaiwa. Woga huo unaeleweka, mfuko wa mwanafunzi unajulikana. Lakini sheria ya adhabu ya Kongo, katika kifungu cha 66 ter, inamwadhibu anayemwacha mwenzake hatarini wakati angeweza kumsaidia bila kujihatarisha. Kifungu hicho hakibagui mwanafunzi, profesa wala muuguzi.

Kila promosio inaweza kuanza wiki hii: sanduku la franka chache za kila mtu, inite kwenye simu ya mkubwa wa promosio, na daftari lenye namba ya mzazi wa kila mwanafunzi, au ya jirani yake kambini. Wakubwa wa vyuo nao wana kazi yao, tena iliyo nzito zaidi: kukubaliana na hospitali kwa maandishi kwamba mwanafunzi anapokelewa kwanza, hesabu inafuata. Wanafunzi wanalipa ada. Sehemu ndogo ya ada hiyo iwe dhamana.

Na usafiri? Aliyevunjika mkono atapanda pikipiki. Anayetikisika hawezi. Kwa huyo, ambulansi ni gari la profesa lililoegeshwa chini ya mwembe, na mwenye ufunguo apatikane hata katikati ya mtihani.