Ung'eng'e wa Chuo, Dagaa wa Kirando

Vijana wenzangu, mwanachuo wa Kirando anajua dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika. Sasa mpandishe mbele ya darasa alieleze hilo kwa Kiingereza. Kigugumizi! Wenzake wanacheka, maksi zinakatwa. Eti hajui. Hajui nini, dagaa?

Miaka 7 alisoma kwa Kiswahili, sekondari ikambadilishia lugha ghafla. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kiendelee hadi sekondari; Serikali ikakataa. Halafu chuo kinampa kijisomo cha stadi za mawasiliano, azibe shimo la miaka yote hiyo!

Ung'eng'e tujifunze, sikatai, tena tuuandike barabara. Ila ninachodai: ripoti hiyo isomwe pia kwa Kiswahili, palepale mwaloni Kirando, wavuvi wamuulize maswali.