Mwenye kibanda, toboa dirisha

Majuzi nilipeleka simu kwa fundi mmoja Ruiru, kwa vile vibanda vya mabati unavyoingia kiubavu. Ncha ya chuma chake cha kulehemu ilikuwa nyeusi ti, lehemu haishiki. Akatoa tupa akaanza kukwaruza. Jameni! Ile ncha ni shaba iliyopakwa chuma juu. Ukiikwaruza hadi shaba ionekane, lehemu ya moto itaila hadi itoboke.

Nikamuuliza kama anajua nushadiri, ile chumvi nyeupe ya kusafishia. Akacheka. "Ninayo, bro. Inanichoma kifua."

Hapo nikanyamaza. Kazi yenyewe ni rahisi: unaigusisha ncha ikiwa moto, sekunde moja au mbili, unapangusa, unapaka lehemu mpya papo hapo. Si kila siku, maana hiyo chumvi inakula chuma pia. Siku za kawaida sponji yenye unyevu yatosha. Lakini ikipata moto inatoa amonia na gesi ya asidi, na kibanda chake hakina hata tundu. Mimi nilisomea elektroniki Thika mihula miwili kabla karo inishinde, na kuhusu moshi tuliambiwa tu tutazoea.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inadai hewa ya kutosha mahali pa kazi. Sawa, ila huyu ndiye mwajiri na ndiye mwajiriwa, atamshtaki nani? Wewe unayekuja kuchukua kodi kila mwisho wa mwezi, kukata dirisha kwenye bati kutakugharimu pesa ngapi?