Kazi za wanafunzi wa habari zitoke kwenye droo ya mwalimu

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, wasomaji wangu, mnisamehe. Nilikuwa nyumbani Holili, na nimerudi Moshi mjini na jambo limenikaa rohoni.

Shangazi yangu huvusha ndizi kwenda kuuza Taveta. Jioni moja nilikuwa napekua makaratasi yangu ya chuo, yasiyo na kazi yakawashie moto, akaokota makala niliyoandika mwaka wa pili. Akaisoma taratibu, miwani puani. Halafu akaniuliza: "Mwanangu, hawa akina mama unaowaita wa magendo ni akina nani?"

Jamani, niliishiwa maneno. Niliandika kwamba wanawake wanaovusha mikungu ya ndizi bila kulipa ushuru wa forodha wanafanya magendo. Shangazi akaketi akanifundisha. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wa mfanyabiashara mdogo usiozidi thamani ya dola 2,000, ukiwa umezalishwa kwetu na umo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa pale pale mpakani na hautozwi ushuru wa forodha. Yeye hukichukua kila safari. Mimi mtoto wa mpakani nimemwita shangazi yangu mhalifu, na nikapewa alama 68!

Chuo sikitaji, na mwalimu wangu simlaumu. Alikuwa na rundo la makala za kusahihisha, akasahihisha alichoweza: sarufi, kichwa cha habari, aya ya kwanza. Tatizo ni kwamba makala ile ilisomwa na watu wawili tu, yeye na mimi. Darasani tulikuwa na kijana wa Taveta, na dada mmoja ambaye mama yake anafanya biashara Namanga. Yeyote kati yao angeliona kosa lile kwa dakika moja. Hawakupata nafasi ya kuisoma.

Hoja yangu ni hii: kozi ya uandishi wa habari iwe na sehemu moja ya pamoja mtandaoni, ambako kila kazi ya mwanafunzi inawekwa, inasomwa na kukosolewa na wenzake kabla mwalimu hajatoa alama.

Mtaniambia WhatsApp ipo. Sisi tulikuwa na kundi la darasa. Ratiba imebadilika, nani ana kitini, heri ya kuzaliwa fulani, na ukiweka makala saa 2 asubuhi, saa 4 imeshafunikwa na mzaha. Mtaniambia pia vyuo vina Moodle. Ni kweli, na programu ile ni ya bure tangu ilipotoka 2002. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa 1992 na chenye kituo hapa Moshi, kinaitumia. Lakini mara nyingi inafanywa stoo ya vitini. Mwanafunzi anaingia, anapakua, anatoka. Ile sehemu ya majadiliano imelala.

Tazameni wenzetu wa KCMC. Mwanafunzi wa udaktari anazunguka wodini na wenzake, daktari akiwa mbele, na akikosea anasahihishwa pale pale, wote wakisikia. Kosa la mmoja linakuwa somo la kumi. Kwa nini sisi, ambao kosa letu linaweza kumharibia mtu jina, tujifunze kwa siri?

UDSM wana Mlimani TV na Mlimani Redio, ambako wanafunzi wa habari hupata mazoezi. Vizuri sana. Ila kituo cha televisheni ni fedha nyingi, si kila chuo kitaweza. Ukurasa wa pamoja unaweza kuanza Jumatatu ijayo. Ufungwe kwa nywila, waingie wanafunzi, walimu na wahariri wawili watatu walioalikwa. Kila makala isomwe na wenzako wawili, watoe maoni kwa majina yao. Kosa likirekebishwa, rekebisho lionekane na lisifutwe. Na alama zitolewe pia kwa anayekosoa vizuri, siyo kwa mwandishi peke yake.

Najua ugumu upo. Bando ni ghali, kwa hiyo maandishi yatangulie, video zisubiri. Wapo watakaonakili kazi za wenzao, lakini pale ambapo kila mtu anaona, mwizi hana pa kujificha. Na aibu? Ipo, sikatai. Ila heri kuaibika mbele ya watu arobaini wa darasa lako kuliko mbele ya mkoa mzima, ukiwa tayari na kitambulisho cha uandishi shingoni.

Pale kwetu Holili, tangu kituo cha pamoja na Taveta kizinduliwe rasmi 2016, ukienda Kenya unapita moja kwa moja, ofisa wa Tanzania na wa Kenya wanakuhudumia Taveta chini ya paa moja. Ukirudi, wanakuhudumia wote Holili. Zamani ulipanga foleni mara mbili. Kama serikali mbili zimeweza kukaa jengo moja, darasa moja linashindwaje?

Shangazi ameichukua ile makala. Hakuiwashia moto. Amesema ataniwekea, siku nikijiona najua sana nije niisome tena.

Naomba kutoa hoja.