Nani Alimuua Kapteni Alex? Swali Libaki Wazi

Filamu ya Uganda "Who Killed Captain Alex?" ya mwaka 2010 inauliza swali kwenye jina lake, kisha inamalizika bila kulijibu. Wapo watazamaji wanaoona wamepunjwa. Hawajapunjwa.

Isaac Nabwana aliitengeneza mtaani Wakaliga, Kampala, kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Kundi la Tiger Mafia linatuma watu wamkamate Kapteni Alex, lakini kabla hawajamtia mkononi, mtu mwingine ameshamuua. Hapo ndugu wa kapteni, Bruce U, bingwa wa kung fu, anaingia kulipiza kisasi. Mateke yanarushwa, helikopta zilizochorwa kwa kompyuta zinalipua majengo, na sauti ya msimulizi VJ Emmie inapita juu ya yote, ikitania wahusika na kumchochea mtazamaji.

Sauti hiyo ndiyo roho ya filamu. Aliyekulia kwenye vibanda vya video akiwasikiliza wasimulizi kama Lufufu wa Tanzania au DJ Afro wa Kenya anajua kwamba watu walilipia kiingilio kwa ajili ya msimulizi pia, si kisa peke yake. Tena nakala isiyo na maneno ya Emmie haipo: Nabwana aliifuta ili kompyuta yake ipate nafasi ya kazi nyingine.

Kumtaja muuaji dakika za mwisho kungeigeuza filamu hii kuwa ya upelelezi, kazi ambayo haikuwahi kuahidi. Tangu iwekwe YouTube mwaka 2015, mashabiki wa nchi nyingi bado wanabishana ni nani. Nabwana asiwape jibu.